Tiketi ya msimu Reading–Didcot: nikienda Swindon nilipe kipande tu?

behewa7: Wakuu, tiketi yangu ya msimu (ya kusafiri mara nyingi upendavyo kati ya vituo viwili kwa muda uliolipiwa) ni Reading–Didcot Parkway, England. Jumamosi safari ni Reading hadi Swindon, mbele ya Didcot kwenye reli hiyohiyo. Nikinunua tiketi ya Didcot–Swindon tu, inatosha? Treni nyingi za haraka hazisimami Didcot.

reli_mbili: Inatosha. Kwa tiketi mbili za kawaida, lazima treni isimame pale zinapokutana. Tiketi ya msimu imesamehewa sharti hilo (kifungu cha 14 cha Masharti ya Usafiri ya National Rail, mtandao wa treni za abiria Uingereza), mradi zote mbili zikutane Didcot penyewe. Usinunue kuanzia kituo cha mbele zaidi, utaacha pengo. Reading ingia kwa ya msimu, Swindon toka kwa hiyo nyingine. Kondakta akija, mwonyeshe zote mbili.

kituo_kati: Nunua kabla ya kupanda! Faini ya kusafiri bila tiketi halali England ni pauni 100 pamoja na nauli. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi 50. Na uchukue tiketi isiyofungwa kwenye treni moja. Ile ya bei nafuu ya Advance, Didcot–Swindon, itakufunga kwenye treni inayosimama Didcot.

behewa7: Na Newbury je, kwa tiketi hiyohiyo?

reli_mbili: Hapana, reli ya Newbury inachepuka Reading penyewe, Didcot huipiti kabisa. Huko lipa Reading–Newbury nzima.

behewa7: Nimeelewa, shukrani.