Fumbo la maneno la kila siku: la gazeti, la simu au tutunge wenyewe?

Kisanduku Tupu (Mtwara mjini):
Wakuu, habari za jioni. Tangu mwezi wa pili nimenogewa na haya mafumbo ya visanduku, ya wima na mlalo. Nilianza kwa kuua muda nikisubiri feri ya Msangamkuu, sasa imekuwa kama chai ya asubuhi, nikiikosa siku haiendi. Napenda hasa yale yenye mada, kwamba leo majibu marefu yote ni majina ya mito, kesho ni ala za muziki. Unajaza huku unaokota mambo.

Sasa nimegawanyika. Kuna la gazeti la Kiswahili, kuna la Kiingereza kwenye simu, na kuna jamaa wa kijiweni kwetu wanatunga ya kwao kwenye daftari la hesabu. Muda nilio nao ni wa fumbo moja tu kwa siku. Swali langu kwa mnaojaza: lipi linaacha kitu kichwani? Nauliza kwa sababu juzi nilimaliza la simu lote, nikajisifu, kesho yake mke wangu akaniuliza nimejifunza nini. Nikabaki kukodoa macho.

Mwalimu Mstaafu (Mikindani):
Kijana wangu, mimi ni mtu wa karatasi na penseli, na raba pembeni. La Kiswahili lina raha yake ambayo la Kiingereza halina. Ngeli zinakusaidia. Kidokezo kikisema "wanaochonga vinyago", kabla hujajua jibu umeshaandika WA. Kikisema "vyombo vya kuchotea maji", VI au VY inakaa mlangoni. Na kwa kuwa karibu maneno yetu yote yanaishia na irabu, kisanduku cha mwisho hukosi cha kubahatisha.

Kasoro yake ni mada. Mengi niliyoyajaza ni mchanganyiko tu: mji mkuu wa nchi fulani, kinyume cha "refu", mdudu mwenye miguu minane. Unajaza lakini hakuna uzi unaoyashona pamoja. Halafu watungaji hawakubaliani juu ya herufi. Mwaka juzi nilikutana na "mizizi ya porini, huchemshwa ikaliwa" na visanduku sita. Mtu wa Mtwara hawezi kulikosa hilo, ni ming'oko! Lakini ukihesabu N na G mbalimbali unapata saba. Nilizunguka siku nzima, kumbe mtungaji kaipa NG' kisanduku kimoja. Sawa, ila kwenye fumbo lilelile "shoka" ilikuwa na S peke yake na H peke yake. Hapo ndipo nilipotupa penseli.

Binti wa Ligula:
Shikamoo mwalimu. Mimi natetea la simu, la Kiingereza. Kisanduku Tupu, nadhani ulianzia siku mbaya. Yale ya The New York Times yana ngazi: la Jumatatu ndilo laini kuliko yote, yanakazana siku hadi siku, na la Jumamosi linatoa jasho. La Jumapili ni kubwa, visanduku 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, ila ugumu wake ni wa katikati ya wiki. Na mada unayoipenda usiitafute Ijumaa wala Jumamosi, siku hizo kwa kawaida hazina mada. Jumatatu hadi Alhamisi ndiyo kwako, na la Alhamisi lina vituko, pengine herufi mbili au tatu zinabanana kwenye kisanduku kimoja (mwalimu, hapo ming'oko ingekaa bila ugomvi).

Zipo na kanuni ambazo hakuna aliyenifundisha, nimezigundua kwa kuumia. Kidokezo kikiwa na neno lililofupishwa, jibu nalo ni kifupisho. Kikiishia na alama ya kuuliza, ujue mtungaji anacheza na maneno. Kikiwa cha wingi, jibu ni la wingi. Tangu nizijue hizo namaliza la Jumatatu kabla chai haijapoa.

Mkorosho:
Binti, umesahau kusema kwamba ni la kulipia. Mimi nilijiunga na moja (silitaji), siku za bure zikaisha, pesa ikakatwa mwezi wa pili na wa tatu bila mimi kujua. Hiyo hela ningenunua kilo kadhaa za ming'oko ya mwalimu.

Na hata pesa ukiwa nayo, elimu yenyewe ni ya nani? Nusu ya vidokezo ni wachezaji wa besiboli na waigizaji wa Marekani wa enzi za babu yangu. Nimejifunza ERIE, ziwa lao mojawapo kubwa. Nimejifunza EPEE, upanga wa kushindania. Nimejifunza ETUI, kikasha cha kuwekea sindano. Miaka miwili sasa, sijawahi kumkuta mtu Mtwara anauza etui.

Binti wa Ligula:
😂 Hayo yanarudiwa kwa sababu yana irabu nyingi, watungaji wanayatumia kuunganishia. ALOE nayo iko kila wiki, na hiyo unaijua, ni shubiri yetu ya uani. Ila usidharau. Siku moja nilikutana na kidokezo cha mchezo wa kupanga vipande vya mbao mpaka mnara uanguke. Jibu: JENGA. Nikaenda kusoma, kumbe aliyeubuni, Leslie Scott, alilitoa jina kwenye "kujenga" ya Kiswahili, ukaanza kuuzwa Uingereza mwaka 1983. BWANA nayo nimeikuta. Unajisikiaje ukikuta neno la nyumbani ndani ya visanduku vya New York?

Mwalimu Mstaafu (Mikindani):
Huko New York ndiko fumbo lenyewe lilikozaliwa, binti yangu. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilichapisha la kwanza kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Gazeti hilo unalolijaza wewe lilisubiri hadi 1942.

Na msidhani ni mchezo wa watoto. Mei 1944, wiki chache kabla majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao hayajavuka bahari kuvamia Normandy, Ufaransa, fumbo la Daily Telegraph la London lilianza kutoa majibu kama UTAH, OMAHA, OVERLORD. Yote yalikuwa majina ya siri ya uvamizi huo! Mtungaji alikuwa mwalimu mwenzangu, Leonard Dawe. Wapelelezi wakamwendea, wakamhoji, wasipate kosa. Miaka mingi baadaye mmoja wa wanafunzi wake alidai kwamba wao ndio waliompa maneno, waliyoyasikia kwa askari waliokuwa kambini jirani. Sasa nawaza mimi nilivyokuwa nawatuma wanafunzi waniletee misamiati.

Fundi Vinyago (Masasi):
Mimi niko upande wa kutunga. Tuna grupu la watu tisa, kila mtu ana siku yake, mada lazima iwe ya Kusini au ya kazi ya mtunzi. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu. Mlalo: "mti wa kinyago, ndio huohuo wa klarineti (6)". Dakika tano tu, wanne wakajibu MKONGO. Ukiangalia huwalaumu, mkongo nao ni mti mgumu na unatumika, na kati ya herufi sita nne ziko mahali palepale: M, kisha N, G, O mwishoni. Lakini wima ilikuwepo: "alikozaliwa Rais wa awamu ya tatu (6)". LUPASO, hapa hapa Masasi. P yake, herufi ya tatu, inaangukia kisanduku cha pili cha mlalo. Basi K ikafa, ikawa MPINGO. Mmoja alibisha mpaka saa nne usiku, akadai Mkapa alizaliwa Ndanda. Sasa nakuhakikishia mkuu, hao wanne hawatakaa wasahau Lupaso wala klarineti.

La gazeti umekosea unafuta. Kwenye grupu umekosea unachekwa. Tofauti ndiyo hiyo.

Mkorosho:
Shida ya kutunga ni moja: mtunzi akikosea, wote mnakosea. Grupu letu la Newala kuna mtu alitupa "mgeni wa Tangier aliyefika Kilwa" akaweka visanduku vya Vasco da Gama. Ni Ibn Battuta, 1331. Vasco kwao ni Ureno.

Bibi wa Mtanda (Lindi):
Wajukuu zangu, macho yangu hayaoni visanduku, mjukuu ananisomea nami najibu. Kwangu ni kitendawili tu kilichovaa suti. Juzi kanisomea: "mnyama wa kale kutoka Tendaguru, mifupa yake imesimama Berlin". Nikamwambia mjusi. Akasema haitoshi visanduku. Nikamwambia basi visanduku vyako ndivyo vibaya, huyo dinosaria sisi Lindi tunamwita mjusi. Nikamweleza kwamba Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na babu zetu ndio waliochimbua na kuibeba ile mifupa kichwani mpaka bandarini hapa. Leo kasimama kule, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtoto aliacha fumbo, akakaa kunisikiliza. Wewe Kisanduku Tupu, hilo la simu umelijaza na nani?

Kisanduku Tupu:
Shikamoo bibi. Peke yangu, na hapo umenishika. Tena nina tabia nyingine mbaya: nikikwama sekunde thelathini nabonyeza kitufe cha kufichua herufi. Ndiyo maana hakuna kinachobaki.

Basi nitafanya hivi. La gazeti la Jumapili nitalijaza na mke wangu, yeye Mmakonde wa Tandahimba, kwenye ngeli na miti hampati mtu. Binti, la Jumatatu la simu nitalijaribu tena, bila kitufe. Fundi, nakuja inbox uniingize grupu lenu. Zamu yangu ikifika mada itakuwa feri.

Ila nisaidieni moja kabla sijalala, la gazeti la leo. "Hutenganisha ndugu wawili bila ukuta", visanduku sita, naanza na R na ninaishia na A.

Fundi Vinyago (Masasi):
Mkuu, panda Msangamkuu, geukia kusini, utembee mpaka nchi iishe.

Kisanduku Tupu:
Aah, RUVUMA! Na wajomba zangu wako ng'ambo yake, Palma, Msumbiji.