MJADALA: Kazi ya mtaani ni ya mwenye digrii au ya mwenye mtaa?

Mwanzilishi, Kisauni

Salamu zenu nyote. Niseme mapema kwamba digrii hiyo ninayo, ya maendeleo ya jamii, miaka minne, na deni la HELB, mkopo wa serikali wa kusomea chuo, bado nalilipa. Kwa hivyo asije mtu akanambia ni yale ya "sizitaki mbichi hizi". Nilizila.

Swali langu ni hili. Matangazo ya kazi za mtaani hapa Mombasa, zile za kwenda nyumba kwa nyumba, kukaa na vijana, kufuatilia watoto walioacha shule, siku hizi mengi yadai shahada. Sisemi kazi za kusimamia mradi au kuandika bajeti. Nasema za kuzunguka vichochoroni. Mimi naona sharti hilo si la haki, na zaidi ya hapo, laharibu kazi yenyewe.

Mwaka wa tatu nilikwenda atachi, yale mafunzo ya kazini ya wanachuo, miezi mitatu kwenye shirika moja dogo. Bosi wangu wa kwenye karatasi alikuwa mratibu mwenye shahada mbili, ambaye warsha za hotelini Nyali zilimjua kuliko mtaa ulivyomjua. Aliyenifunza kazi ni bi mkubwa mmoja, mjitolea, kidato cha nne, alama ya D, riziki yake mahamri ya asubuhi. Wiki ya kwanza nikabeba dodoso langu la kurasa sita hadi maskani ya vijana wanaotumia unga, yaani heroini. Jina? Umri? Swali la tatu: watumia nini na mara ngapi? Mmoja akainuka bila neno, na wenzake wakamfuata. Nikabaki na kalamu.

Bi mkubwa hakunikaripia. Kesho yake akaja na kapu, mahamri na mbaazi, akakaa chini juu ya gunia pamoja nao. Huyu akamuuliza hali ya mamake, yule kidonda cha mguu kimefikia wapi. Unga hakuutaja kabisa. Tulipoinuka kwenda zetu, kijana mmoja akatufuata mpaka kona ya njia, akamuuliza kwa sauti ya chini: ile kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, hufunguliwa saa ngapi?

Ripoti ya siku ile niliiandika mimi. Nikapata A.

Nilipohitimu, shirika lilelile likatangaza nafasi, shahada lazima. Nikaomba, nikapata. Bi mkubwa akabaki mjitolea, nauli tu. Mwaka mmoja na nusu nilipokea mshahara, na sikumbuki kwenda nyumba hata moja bila kumpigia yeye simu kwanza.

Wala msinambie mtu wa mtaa hafunziki. Mpango wa chekechea za madrasa ulianza hapahapa Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na aliyeushika tangu mwanzo ni mwalimu wetu, Bi Swafiya Said. Walichukua wanawake wa mitaa hiyohiyo, wakawafunza, wakawafuata darasani kuwasimamia. Ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Nani aliuliza digrii?

Karibuni. Nipingeni.

Mzazi, Changamwe

Mimi sina maneno mengi. Kijana wangu alipata C+, ile ile ya mlangoni mwa chuo kikuu. Alitaka uuguzi, KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, ikampangia maendeleo ya jamii, tukasema alhamdulillahi, chuo ni chuo. Sasa yuko mwaka wa tatu na mimi nishauza kiwanja. Wewe ushapanda, ushashuka, sasa wataka ngazi iondolewe? Kama kapu la mahamri latosha, nambie mimi nalipia nini.

Mchangiaji, Likoni

Dadaangu wa Kisauni, kisa chako kitamu, lakini bi mkubwa uliyempata ni wa bahati. Ngoja nikupe wangu.

Nimeshika kesi za watoto miaka tisa. Kuna mtaa mmoja upande huu wetu wenye mama kama huyo wako: hakuna msiba asiopika, hakuna ugomvi asiousuluhisha. Siku moja binti wa miaka kumi na mitatu alimwendea yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyemwamini. Aliyemharibu alikuwa jamaa wa nyumbani. Mama akafanya lile analolijua: akamwogesha mtoto, akafua nguo, akaita wazee wa pande mbili, wakakaa, pesa zikapita, binti akapelekwa kwa bibi yake Kinango ili "aibu ipoe". Habari zilipotufikia sisi, wiki tatu zimepita.

Wiki tatu! Dawa za kumkinga mtoto na virusi vya Ukimwi zataka zianze ndani ya saa 72. Ushahidi ulikwenda na maji ya kufulia. Na chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 jambo lile ni jinai. Si deni la familia mbili kulipana kwa mbuzi na bahasha.

Yule mama si mtu mbaya, na nina yakini alilia usiku ule. Lakini hapakuwa na mtu aliyemfunza kwamba kuna siri ya kutunza na kuna siri ya kuficha, na kwamba kuna siku mlezi apaswa kuukasirisha mtaa mzima. Mimi hilo nilifunzwa chuoni, na bado lilinitoa jasho mara ya kwanza, kwa sababu mzee niliyemripoti alikuwa amesimamia nikahi ya dadangu.

Na hizo chekechea za madrasa umezitaja vizuri ila umezisoma upande mmoja. Wanawake wale hawakuachiwa na mapenzi yao tu. Walifunzwa, wakasimamiwa. Kule England mtu hawezi hata kujiita ofisa wa ustawi wa jamii bila kusajiliwa, jina lenyewe lalindwa kisheria tangu 2005. Afrika Kusini wana sheria ya kazi hizi tangu 1978. Kwa nini mtoto wa Likoni ahudumiwe kwa kubahatisha?

Mwanafunzi, Tudor

Mchangiaji wa Likoni, hilo umesema kweli, lakini somo hilo la maadili sisi tulilimaliza kwa wiki chache. Muda uliobaki wa miaka minne huenda wapi? Sosholojia, takwimu, historia ya nadharia za maendeleo, kuandika pendekezo la kuomba fedha. Sisemi hazina maana. Nasema hazifunzi kukaa chini juu ya gunia.

Nina binamu yangu Australia, asomea kazi za ustawi wa jamii. Wao chama chao cha taaluma chataka saa 1,000 za kazi ya mkononi kabla mtu hajahitimu. Piga hesabu zetu: wiki kumi na mbili, siku tano, saa nane. 480. Hata nusu haifiki, na humo toa siku za kutoa fotokopi na kumletea mratibu chai. Mimi atachi yangu nilikuwa hodari wa chai.

Mchangiaji, Mikindani

Yakhe, mwagombania kiti cha jahazi lililozama. Mimi nilikuwa na digrii NA uzoefu wa miaka sita. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, barua ikaja, ofisi ikafungwa kabla hatujanywa chai ya saa nne. Julai mwaka uleule USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wahitimu sasa ni picha za biashara: huyu auza madera, yule ana tuktuk, mimi nauza maji.

Nani aliyebaki mtaani? Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa vya afya mwaka 2023. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Hakuna aliyewauliza shahada. Wao ndio wajua nani hakumeza dawa za TB wiki hii. Kabla ya kuuliza nani afaa kuajiriwa, ulizeni nani ataajiri.

Mzazi, Changamwe

Ndugu wa Mikindani, maji wauza wapi? Nauliza kwa ajili ya kijana.

Mwanzilishi, Kisauni

Nimecheka, kisha nikanyamaza.

Likoni, nimekusoma mara mbili. Nilipoandika juu pale nilikuwa na hasira za bi mkubwa wangu, nikasahau kwamba nami nishaona wazee "wakimaliza nyumbani". Nakubali: anayegusa kesi ya mtoto lazima awe amefunzwa, na awe na ofisi juu yake inayomwajibisha. Hapo sibishani tena. Lakini angalia ulilolikubali bila kulitaja. Binti alimwendea yule mama. Hakuja kwako. Angekuwa mama yule amefunzwa mambo matatu tu, nguo zisifuliwe, hospitali leo, simu kwa ofisi ya watoto, mngekuwa na kesi. Digrii yako ilikuwa upande wa pili wa mtaa, yangoja kuitwa.

Kwa hivyo nabadilisha swali langu kidogo. Mafunzo, ndiyo. Ila kwa nini njia ya kuyapata ni ndefu hivi kwa mtu ambaye tayari aifanya kazi? Bi mkubwa ana D. Kwa D ataanzia cheti, kisha diploma, kisha digrii. Hesabu ya haraka haraka ni miaka saba asipokwama popote, na yeye ana arobaini na tatu. Nchi hii ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza gereji na kumpa karatasi kwa mkono wake ulivyo. Fundi wa Magongo apimwa kwa injini aliyoifungua. Bi mkubwa kwa nini asipimwe kwa maskani aliyoifungua?

Mikindani, wewe sina jibu lako. Pole, yakhe. Nitakuja kununua maji.

Mchangiaji, Likoni

Injini ikiwashwa ikawaka, fundi amefaulu. Maskani utaipimaje? Atakaa nani na bi mkubwa kumpima, mhadhiri ambaye hajavuka daraja la Nyali kwa miguu?

Lakini sikatai. Kama mtihani wenyewe ni kesi, apewe kesi mezani: binti kaja usiku, nguo zake hizi, mzee wa msikiti yuko mlangoni ataka kuongea. Utafanya nini? Akijibu sawa, mimi mwenyewe nitamtilia sahihi. Akikosea, arudi darasani, na digrii nyingi zilizo ofisini leo zirudi naye.

Mwanafunzi, Tudor

Mimi ningefeli hiyo. Nasema kweli.

Mzazi, Changamwe

Kwa hivyo kijana wangu aendelee ama asiendelee? Mwajibizana kama maimamu, lakini karo yangu ni ya Septemba.

Mwanzilishi, Kisauni

Mzee wangu, shikamoo. Aendelee, amebakisha mwaka mmoja. Lakini asingoje atachi ya chuo. Likizo hii mlete Kisauni, akae na bi mkubwa asubuhi mbili tatu. Hatalipwa, na dodoso aliache nyumbani.

Jana nilimsomea bi mkubwa mjadala huu wote kwenye simu, akikanda unga wa mahamri. Kwenye kisa cha Likoni aliacha kukanda. Akakaa kitambo, akasema hata yeye angefua zile nguo. Sikujua la kumwambia. Kisha akaniuliza hayo mafunzo, yakiwepo, darasa litaanza saa ngapi, kwa sababu mahamri hayaishi mpaka saa tatu.