Naomba ushauri: redio ya CB inapokea, lakini maikrofoni mpya haitoi sauti

Wadau, hamjambo. Redio ya CB (ile ya kuzungumza na madereva wengine) ya lori letu hapa Nakuru ilikatika waya wa maikrofoni, pale shingoni unapovutwavutwa. Nimenunua nyingine ya pini 4, plagi inaingia sawasawa. Napokea vizuri, na nikibonyeza kitufe taa ya kurusha inawaka. Ila tukiwa tumeegesha Salgaa, mwenzangu wa lori la pili alisikia kimya tu.

Fundi anataka ninunue redio mpya (haraka ya nini?). Mimi nashuku nyaya, maana mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Nipime waya upi kwanza kwa mita kabla sijaanza kulehemu? Au hii ni maikrofoni ya aina inayohitaji umeme kutoka kwenye redio?