Akina mama wazee na mayai: tuwakataze au tuwaache?

Mtoa hoja, Jinja
Wadau, tulijadili hili bila jazba. Kwenye kliniki ya presha anakohudhuria mama yangu hapa Uganda, akina mama waliovuka miaka 60 waliambiwa wote kwa mkupuo: mayai basi, yanaleta kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu. Hakuna aliyepimwa damu. Mama ametii, trei ya mayai sasa ni ya wajukuu. Chapati yake ya asubuhi inayochuruzika mafuta ipo palepale, maana hiyo hakuna aliyeitaja.

Mimi nasema amri ya jumla namna hii haifai. Yai kubwa lina kolesteroli kama miligramu 186, yote kwenye kiini. Si kidogo, sikatai. Lakini kolesteroli nyingi ya mwilini hutengenezwa na ini lenyewe, na kinachopandisha ile mbaya, LDL, kuliko vyote ni yale mafuta mazito yanayoganda. Ya namna hiyo yai lina gramu moja na nusu tu. Chama cha moyo cha Marekani ndicho kilichosema mwaka 1968 kwamba viini visizidi vitatu kwa wiki. Mwaka 2015 miongozo ya lishe ya nchi hiyo ikaondoa kikomo cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku, na 2019 chama kilekile kikaruhusu hadi mayai mawili kwa siku kwa mzee mwenye kolesteroli ya kawaida. Wenyewe wamelegeza, sisi bado tumekaza?

Muuguzi, Bombo
Ndugu yangu, umesoma nusu ukaacha nusu. Miongozo ile ya 2015 iliondoa namba, lakini ikabaki kusema watu wale kolesteroli kidogo kadiri wawezavyo. Na huo ushauri wa mayai mawili umesema "mwenye kolesteroli ya kawaida". Akina mama wa umri huo wangapi wako hivyo? Homoni ya estrojeni hulisaidia ini kuondoa LDL kwenye damu. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka na LDL inapanda, hata kama mama hajabadilisha chakula chochote. Ndiyo maana aliyekuwa salama akiwa na miaka 40 anashtuka akiwa na 60.

Halafu kuna utafiti wa 2019 uliochapishwa katika jarida la tiba la JAMA, wa Wamarekani karibu 30,000: kila nusu yai la ziada kwa siku liliambatana na ongezeko la asilimia 6 la hatari ya maradhi ya moyo na mishipa. Unasema tuwapime. Kwa pesa ya nani? Mgonjwa wangu anahesabu nauli ya kurudi nyumbani, nami nina foleni hadi nje ya mlango.

Mama wa Masaka
Mnaongea kama yai ni chakula cha siku zote. Kwetu Buganda jajja zetu, yaani bibi zetu, walikuwa na mwiko: mwanamke hali kuku wala yai. Alipika luwombo lwa kuku, yule wa kupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, akapakulia wanaume na wageni, yeye akala kingine. Mwiko umelegea juzijuzi tu, sasa daktari anauleta upya na koti jeupe! Jajja yangu hana meno ya kutafuna nyama, na maharage yanamsumbua tumbo. Mkimwondolea yai, nguvu ya misuli ataitoa wapi? Kwenye ndizi za matooke?

Mfugaji, Arua
Ale ya kienyeji, hayo hayana kolesteroli.

Muuguzi, Bombo
Yanayo, mzee wangu. Tofauti na ya kuku wa kizungu ni ndogo, hata kiini kikiwa cha rangi kali namna gani. Mama wa Masaka, hoja ya misuli naikubali. Kwa jajja wa namna hiyo nisingesema aache.

Mkaanga rolex, Wandegeya
Wateja wangu wazee wapo, wanataka rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, ya mayai mawili. Mayai nayahesabu kwa sababu yananigharimu. Mafuta namimina tu.

Mtoa hoja, Jinja
Huyu kijana ametoa ushahidi kuliko sisi wote. Mafuta ya bei nafuu tunayopikia hapa mengi ni ya mawese, na karibu nusu ya mawese ni hayo mafuta mazito. Muuguzi, ule utafiti wa JAMA uliwauliza watu chakula chao mara moja tu mwanzoni, kisha ukawafuata kwa miaka mingi. Nani anakula vilevile miaka yote? Mwaka 2020 jarida jingine la tiba, BMJ, lilitoa uchambuzi mkubwa: hadi yai moja kwa siku halikuonekana kuongeza hatari kwa jumla. Kama vipimo havipo, basi katazeni kwa mpangilio: kwanza mafuta ya kikaango, kisha chapati na mandazi, yai la kuchemsha liwe la mwisho.

Muuguzi, Bombo
Mpangilio huo naweza kuusema hata kwenye foleni, hauchukui dakika. Ila mwenye kisukari, au ambaye LDL yake imeshapanda, nitaendelea kumwambia viini vichache kwa wiki, ute mweupe ale atakavyo. Na mama yako ana presha tayari, kwa hiyo hoja zako hazitoshi kuwa kipimo chake. Mpeleke akapimwe damu, kisha ndipo umrudishie trei.

Mama wa Masaka
Na hiyo chapati ya asubuhi, nani atamwambia?