Habu ya nyuma imelegea: nitengeneze au ninunue gurudumu zima?

Mkisauni
Salaam wanajamvi. Gurudumu la nyuma la baisikeli yangu linacheza. Nikilishika kwa juu lakwenda huku na huku, na nikipiga pedeli lasaga kama lina mchanga ndani. Fundi wa kwanza ameniambia habu (ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayozunguka kwenye ekseli) imekwisha, nitoe 3,500 anifungie gurudumu zima. Wa pili, yuko karibu na soko la Kongowea, asema kwa 700 ataifungua atie koni (zinazobana gololi kwenye ekseli) na gololi mpya. Bei zimeachana mno, sijui yupi mkweli. Nifuate yupi? Naihitaji kabla ya Jumatatu.

SpokuArobaini
Baisikeli gani? Ya gea au Mamba, ile nzito ya mzigo? Wabeba mzigo au waenda nayo kazini tu? Hata inchi za gurudumu hujasema, sasa tukujibu vipi?

PedeliZaPwani
Na friwili (ile ya meno inayovutwa na mnyororo) ni ile ya kukaza kama skrubu au ni kaseti, ya kuchomeka? Pia picha, tafadhali.

Babu wa Tudor
Kijana, tafuta habu ya Raleigh ya zamani, mtumba. Zile zina kitundu cha kutilia mafuta juu ya habu na kifuniko chake. Watia matone mawili, watembea. Hizi za sasa ni bati.

SpokuArobaini
Babu, kila swali jibu lako Raleigh. Juzi mtu kauliza taa ya dinamo ukamwambia Raleigh.

Babu wa Tudor
Na sijakosea.

FundiMstaafu
Mkisauni, usitoe pesa kwa yeyote kabla habu haijafunguliwa mbele ya macho yako. Mwambie aoshe kwa mafuta taa, apanguse mpaka chuma kionekane. Koni hubadilishwa, gololi hubadilishwa, ekseli hubadilishwa. Kesi ni kikombe, yaani ile bakuli ya chuma ndani ya habu ambamo gololi huzunguka, kwa sababu kwenye habu nyingi kimeshindiliwa humo humo na hakitoki. Chukua kalamu ya biro, tembeza ncha yake polepole kwenye njia ya gololi. Ikiteleza mzunguko mzima, kikombe kizima, na huyo wa Kongowea yuko sawa. Ikidunda-dunda kuna vishimo, na koni mpya zitatafunwa upya hata ukijaza grisi ya dunia nzima.

Gololi za nyuma kwa kawaida ni 9 kila upande, za robo inchi. Asikuchanganyie mpya na kuukuu, maana zile mpya ni nene kidogo na zitabeba mzigo peke yake. Halafu nyuzi za koni, yaani ile mikato ya kukazia kama ya skrubu: ekseli ya inchi 3/8 na ya milimita 10 kwa macho ni ndugu, lakini koni zake haziingiliani. Fundi wa haraka huzilazimisha kwa spana, ekseli ikaharibika nayo.

MikateAsubuhi
Mimi nawaambia yaliyonipata na hilo gurudumu zima. Nasambaza mikate upande wa Bamburi. Habu yangu ilipoanza kelele nikaambiwa dukani (jina nalihifadhi) kwamba kutengeneza ni kupoteza pesa, chukua jipya. Nikachukua, liking'aa kweli. Wiki haijaisha lasikika tik, tik, tik. Kumbe spoku zilikuwa hazijakazwa sawa, nyingine ukizibana kwa vidole zalegea kama kamba ya nguo. Ikakatika moja, tena upande wa friwili, na upande huo huwezi kutia spoku mpya mpaka friwili itoke. Narudi dukani, chombo cha kuitolea hawana! Kijana akachukua patasi na nyundo, akapiga mpaka meno mawili yakaruka. Ekseli ikapinda. Tulipofungua habu, ndani kavu, grisi yenyewe haitoshi kupaka kidole, na koni zimekazwa mpaka ekseli haizunguki kwa mkono. Habu mpya hiyo! Kreti la mikate liliniangukia mbele ya mteja, na mikate yenyewe hakuna aliyenilipa.

PedeliZaPwani
Pole sana. Lakini ungelifungua siku ya kwanza ukatia grisi na kukaza spoku, lingekutumikia. Tatizo la Mombasa ni maji chumvi. Likoni maji yakijaa, pale pa kupandia feri watu wapita na mawimbi mpaka kwenye ekseli. Ndiyo maana mimi nasema tia habu ya beringi zilizofungwa, umalize.

FundiMstaafu
Beringi za kufungwa nazo hushika kutu, tena zikiingia chumvi hazina marekebisho, ni kutoa na kutia nyingine. Na wengi mnasingizia bahari. Habu nyingi nilizoletewa ziliuliwa na koni zilizokazwa kupita kiasi.

PedeliZaPwani
Na wengine wanaosha baisikeli ufukweni halafu waja kutuuliza kutu yatoka wapi.

SpokuArobaini
Mtoa mada yuko wapi?

Mkisauni
Niko, simu ilizima. Ni Mamba, inchi 28, sina gea. Nabeba madafu.

SpokuArobaini
Hayo ndiyo ya kusema mwanzo! Hesabu spoku. Mamba za asili nyuma ni 40 na mbele 32, kwa sababu ya mzigo. Uliza hilo gurudumu la 3,500 lina tundu ngapi. Likiwa 36, na madafu yako hayo, mimi singelitaka hata kwa bure. Kikombe kikiwa kibovu nunua habu tupu ya tundu 40, rimu yako ibaki, asuke upya.

MikateAsubuhi
Kusuka nako kuna mafundi wangapi siku hizi? Wengi wapiga spana tu.

Mkisauni
Nimeifungua na jirani. Koni moja imelika upande. Kikombe cha kushoto biro yateleza, cha kulia sina hakika, kama yagusa kitu sehemu moja. Hiyo ni grisi kavu au ni kishimo?

FundiMstaafu
Osha tena, urudie.

Babu wa Tudor
Huyo jirani ana friwili ya kuuza?

Nyali_Jioni
Samahani naingilia. Daraja la Nyali asubuhi mnapita wapi na baisikeli? Matatu zimenibana leo nusura nipande ukuta.

PedeliZaPwani
Napita kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo nashuka nakokota.

Nyali_Jioni
Shukran. Na gurudumu langu la mbele nalo lina kelele, gololi zake ni hizo hizo za robo inchi?

FundiMstaafu
Hapana, za mbele ni ndogo, kwa kawaida 3/16. Fungua mada yako mwenyewe, na utaje aina ya baisikeli.