Naomba dawa ya sugu ya unyayo, mama ana shughuli wiki mbili zijazo

Kijana_Bondeni
Asalaam aleikum wanabaraza. Mamangu ana sugu chini ya mguu wa kulia, pale nyuma ya kidole gumba. Ni ya miaka, lakini sasa imekuwa ngumu kama kifuu na katikati pameingia weusi. Harusi ya mdogo wangu ni wiki mbili kutoka leo na mama ndiye mwenye shughuli. Vugo, kupamba, wageni wa Lamu, yote yamwangalia yeye. Nasikia madukani kuna plasta za dawa za kulainisha sugu. Zafanya kazi? Au kuna dawa ya nyumbani? Nijibuni upesi, sina raha.

MamaSwabra
Waaleikum salaam, na hongera ya harusi. Taabu yote ni viatu. Twanunua asubuhi mguu ukiwa mwembamba, jioni umejaa, kiatu chabana. Viatu hununuliwa alasiri. Mimi harusi ya Swabra nilivaa vya dhahabu vya kisigino kirefu, na bi harusi hajatolewa nje nishavivua nimevitia chini ya kiti. Kuinama kuvitafuta, mtu ashaondoka navyo. Nilirudi Tudor kwa tuktuk, miguu mitupu, na dhahabu yote shingoni.

Hamali_Mstaafu
Sugu si ugonjwa, sugu ni kazi. Nimebeba magunia ya kilo 90 tangu 1978, na unyayo wangu hata leo mwiba wauomba ruhusa. Sisi tulichemsha maji na chumvi, moto wa kuvumilia tu, tukatumbukiza miguu mpaka ilainike, kisha jiwe la kusugulia. Jaribu hivyo.

Nasaha_Tu
Vijana wa leo. Mara ya mwisho kumsugua mamako miguu kwa mkono wako ilikuwa lini? Pepo iko chini ya nyayo za mama, nawe waitafutia plasta.

Kaka_Makupa
Nasaha, pepo iko hapo na sugu iko hapo hapo. Aanze na ipi?

Bint_Likoni
Mie mwanangu wa pili alizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, zaangaliana. Kila aliyekuja kumwona mtoto alikuja na mafuta yake ya kukanda. Nikampeleka hospitali hana hata mwezi, akafungwa plasta ngumu mpaka mapajani. Kila wiki yafunguliwa, mguu wanyooshwa kidogo, yafungwa nyingine. Zilikuwa sita. Kisha wakamkata kidogo ile kano ya kisigino, akavaa viatu vilivyoungwa na chuma katikati, mwanzo mchana na usiku, baadaye usiku tu, mpaka akafika miaka minne. Nimevuka feri nimembeba na ile mizigo miguuni, watu waniuliza ameanguka wapi. Sasa avunja vioo vya jirani kwa mpira. Sijui kama yakusaidia, lakini nimeona niseme.

Nesi_wa_Zamu
Kijana, maswali matatu. Mama ana miaka mingapi? Akikanyaga yamuuma? Ana sukari?

Kijana_Bondeni
Miaka 61. Kuuma haimuumi hata kidogo, ndio uzuri wake. Naona ni mambo ya urembo tu, asionekane na mguu mbaya siku ya kupakwa hina.

Nesi_wa_Zamu
Nimeuliza matatu, umejibu mawili.

Kijana_Bondeni
Sukari anayo, lakini ya kidogo. Ameza tembe.

Kaka_Makupa
Sukari ya kidogo ni ile ya kwenye chai.

Nesi_wa_Zamu
Basi tuanze upya. Hilo "haimuumi" ulilolileta kama habari njema ndilo linalonitisha. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu huwa ya kwanza kufa ganzi. Mtu hupoteza maumivu bila kujua ameyapoteza. Weusi katikati ya sugu mara nyingi ni damu iliyovujia ndani, kwa hivyo juu waona ganda na chini huenda pana donda.

Zile plasta zina asidi ya salisiliki. Yala ngozi, na haijui sugu imekwisha wapi. Maji ya Hamali (shikamoo mzee) ni ya mguu unaohisi. Huyu ataungua akitabasamu. Wembe usiuguse. Sasa niambie, kuna kitu kimemdunga siku hizi?

Kijana_Bondeni
Haya, niseme. Jumatatu alirudi kutoka Kongowea akapita jikoni kuweka vikapu. Mimi nyuma naona alama za damu sakafuni, viduara vidogo, kimoja kila hatua mbili, mlangoni mpaka jikoni, kama mtu apiga muhuri. Nikaigeuza champali yake ya kulia. Pini ya buibui, ya kichwa cha lulu, imezama yote. Alivaa ile champali tangu saa moja asubuhi. Nilipomwonyesha alicheka, akasema, "Ndio maana yateleza."

Lakini nisikizeni nami. Kuna mzee yuakata sugu nyumba kwa nyumba, ana mkono mwepesi, amewakata wengi mtaani. Kesho asubuhi yuaja na nishampa mia tano ya kumshika. Hospitali mama hataki hata kuisikia. Dadake aliingia na kidole akatoka bila mguu. Nikitaja daktari ainuka aenda zake chumbani. Mimi nifanyeje? Na harusi imekaribia.

MamaSwabra
Subhanallah. Hiyo pini ya lulu nazijua, zatoka kichwani kila siku. Mimi champali nazikung'uta kabla ya kuvaa, na natia mkono ndani.

Mwenye_Jicho
Ngojeni kwanza. Mie sisahau. Mwezi wa pili ndugu huyu huyu alifungua uzi humu: "Mamangu amefariki, nauza cherehani yake." Leo mama amefufuka, ana sugu, ana harusi na ana pini ya lulu. Mwaliona tangazo linavyopikwa? Kaeni, sasa hivi atatokea mtu na mafuta.

Tiba_Asili_Halisi
Kwa magaga, sugu, ganzi, fangasi na kuwaka moto kwa nyayo tuna mafuta ya mimea saba. Twaleta mpaka mlangoni Mombasa yote. Njoo faragha.

Mwenye_Jicho
Sikuwaambia?

Kaka_Makupa
Hata chai haijapoa.

Hamali_Mstaafu
Hiyo cherehani ilikuwa ya mkono au ya mguu? Kama bado ipo, mke wangu atafuta.

Kijana_Bondeni
Huyo wa mafuta simjui wallahi, na msimnunulie kwa ajili yangu. Aliyefariki ni mama aliyenizaa. Huyu ni mama mdogo, nimekaa kwake tangu darasa la kwanza, na sijui kumwita jina jingine. Na yule dada niliyewaambia aliingia na kidole akatoka bila mguu, ndiye mwenye cherehani. Ilikuwa ya mguu, mzee wangu. Baada ya hapo ilikaa miaka miwili imefunikwa leso, na alipokwenda tukaiuza.

Hamali_Mstaafu
Nisamehe mwanangu. Mungu amrehemu.

Mwenye_Jicho
Kama ni kweli, niwie radhi. Kama umetunga, umetunga vizuri.

Nasaha_Tu
Ndio maana nikasema tuwasugue miguu. Ungeiona mapema.

Nesi_wa_Zamu
Amina kwa marehemu. Ya mamako sikuwepo, siwezi kuyasema. Ninachojua ni kwamba miguu mingi ya wenye sukari inayokatwa ilianza na kidonda kidogo kilichosubirishwa, na mama mdogo kidonda chake kina siku tatu.

Usiku huu mfanyie jambo moja. Akae, anyooshe miguu, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, wepesi kama nzi anatua, sekunde moja au mbili. Gumba, cha kati, kidogo. Kisha mguu wa pili vivyo hivyo. Kila akihisi aseme naam. Usibonyeze, usikune, na usimwambie umefika wapi. Jaribio hili lilibuniwa Ipswich, Uingereza, na halitaki mashine. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, ganzi ipo.

Lakini hata akivipata vyote, ile pini yatosha. Kesho mpeleke, Makadara au hospitali yoyote iliyo karibu nawe yenye kliniki ya sukari. Waambie ni kidonda cha mguu, usiseme sugu, maana kwa sugu utaambiwa rudi wiki ijayo. Ile sugu yapunguzwa na aliyefunzwa, kwa kisu safi, huku akiangalia chini yake pana nini. Uliza na sindano ya pepopunda. Kwa sasa funika kwa kitambaa safi kikavu, na aukanyage kidogo iwezekanavyo. Ukiona wekundu wapanda, joto, harufu au homa, usingoje kupambazuke.

MamaSwabra
Na harusini akae. Mwenye shughuli si mtumishi, wageni wamfuate kitini wampe mkono. Vugo lapigwa hata umekaa. Wala asitoke kutawadha akaacha maji katikati ya vidole, hapo ndipo fangasi waingilia.

Kaka_Makupa
Kijana, yule wa wembe umemwambiaje?

Kijana_Bondeni
Nimempigia asije. Mia tano asema ashaila.

Na lile jaribio nimelifanya. Alikaa kitandani na leso magotini, amefumba macho, acheka kwamba namchezea kama mtoto. Nikagusa gumba la kulia. Kimya. Cha kati, kimya. Kidogo, kimya. Nikahamia kushoto, gumba kimya, cha kati kimya, kidole kidogo akasema naam. Nikamwambia fumbua macho, nimemaliza. Akaniuliza, "Mbona umeanza na wa kushoto?"

Saa kumi na mbili asubuhi twatoka. Nimemwambia twenda kutazama viatu vya harusi.

Bint_Likoni
Viatu saa kumi na mbili asubuhi? Ashajua huyo. Nenda naye tu.

Pwani_Raha
Sijasoma zote jamani, ila ndimu na chumvi, siku tatu, yabanduka yenyewe.