Mtoto anaing'oa vali ya kuongelea: nimlazimishe?

Mama Neema
Jamani naomba msaada. Binti yangu ana miaka 2, ana mrija wa trakeostomia, yaani wa kupumulia kupitia tundu la shingoni, usio na puto la kuziba pembeni mwake. Tumepewa vali ya kuongelea, ile inayochomekwa kwenye mdomo wa mrija, lakini nikimvisha tu anakohoa, anakunja uso, anaing'oa. Nimlazimishe ili azoee?

Nesi wa Watoto
Usimlazimishe, mama Neema. Kwanza tujue kama hewa ina pa kutokea. Vali hufunguka akivuta pumzi na kujifunga akitoa, kwa hiyo hewa yote sharti ipite pembeni mwa mrija, ipande kwenye nyuzi za sauti, itokee puani na mdomoni. Mrija ukiwa mnene mno, hewa inabanwa kifuani. Sikiliza unapotoa vali: "pfuu" kwenye tundu ni hewa iliyokwama. Pua zikitanuka, mbavu zikivutwa ndani au midomo ikibadilika rangi, itoe hapohapo, umrudishe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mrija haufai kuzidi theluthi mbili ya upana wa koo la hewa. Na hata mrija mwembamba hausaidii ikiwa kuna kinyama kilichoota juu ya tundu. Hicho huonekana kwa kamera.

Mama Neema
Hakuna "pfuu", na oksijeni ya damu haishuki chini ya asilimia 96.

Mtaalamu wa Usemi
Basi huenda ni ugeni tu, ingawa aliyempa vali amwone akiwa ameivaa. Mtoto aliyezoea kupumulia shingoni hushtuka hewa ikirudi puani na makohozi yakisogea kooni. Fyonza makohozi, mkalishe wima, mvishe mchezo ukiwa umenoga. Anza na dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, na uitoe wewe kabla hajaikataa. Apulize mapovu ya sabuni au kipande cha karatasi mezani. Usimwambie "sema". Sauti ya kwanza yaweza kuwa kicheko. Iitikie kama neno. Ishara za mikono anazotumia ziendelee, hazimzuii kuongea.

Nesi wa Watoto
Asilale nayo kamwe, na itolewe anapopewa dawa ya mvuke. Ioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ikauke yenyewe. Maji ya moto, spiriti na jiki huharibu utando wake.

Wenye watoto wa mrija wa puto, tafadhalini sana: toeni hewa yote ya puto kwa sirinji kabla ya kumvisha. Likiwa limejaa, hewa inaingia na haitoki, mtoto anakosa pumzi. Puto likiwa la sponji, vali haivaliwi kabisa.